Maneno Yangu Yalipita Kinywani mwa Mume Wangu

(Msomaji huyu ameomba jina lake na la mtaa wake yasitajwe. Tumeyaondoa hayo tu. Mengine yote ni maneno yake.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, mke wa muuguzi, na nina mtoto mmoja wa kike wa miezi mitatu. Naishi hapa Albertville, au Kalemie kama wazee wetu wanavyosema, karibu na stesheni. Masista walinifundisha kusoma na kuandika Kiswahili, Kifaransa hatukukifikia. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunitukana, maana kutukanwa nimeshatukanwa vya kutosha.

Daktari Mbelgiji alipoondoka mwaka wa uhuru, mume wangu ndiye aliyebaki na funguo za kabati la dawa. Watu walimheshimu sana, na mimi nilivimba kichwa, siwafichi. Mwaka jana, nikiwa na mimba ya miezi minne, sufuria ya mawese ya moto ilinimwagikia pajani. Mume wangu akawa ananipiga sindano ya kutuliza maumivu kila alipokisafisha kidonda, asubuhi na jioni. Kidonda kilifunga, lakini mwili ulikuwa umeshaizoea ile dawa. Nikiikosa natetemeka, natapika, mifupa yote inaniuma. Nilimwomba asiache, na yeye hakuacha. Nilipomuuliza juu ya mtoto aliye tumboni alisema, "Ni dawa ya hospitali, Mama, haiko mubaya." Nilimwamini, kwa sababu ndiye aliyesomea.

Mtoto alizaliwa akitetemeka. Alilia kwa sauti kali mchana kutwa na titi akalikataa. Sasa tuna daktari mpya aliyetoka nchi ya mbali. Kiswahili hajui, na anayemtafsiria ni mume wangu. Daktari alisimama miguuni pa kitanda changu akauliza ni dawa gani niliyotumia. Sikuficha. Nilisema, "Mume wangu njo yeye alikuwa ananipiga sindano, tangu siku niliungua. Tulikosa wote wawili." Mume wangu akaongea Kifaransa kirefu. Daktari akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka.

Jioni ile nilimuuliza mume wangu kama alifikisha yote. Akaniambia, "Nimemuambia yote. Ametusamehe." Nilimshika mkono nikamshukuru. Nikiikumbuka shukrani ile naona haya mpaka leo.

Maana kama tulisamehewa wawili, mbona niliadhibiwa peke yangu? Wakunga waliniona natetemeka kwa kukosa dawa, wakasema nimejitakia. Siku za kupima watoto kilo, wanawake wanasogea kwenye benchi mpaka nabaki na nafasi ya watu watatu. Muuguzi wa mizani huisoma karatasi ya mwanangu, kisha huniita wa mwisho, na tukishapima huondoa kitambaa cha mizani kwa ncha za vidole. Sikujua kwa nini. Nilijiambia labda ndivyo nilivyostahili.

Nikaanza kuzama. Nilikuwa nakaa na mtoto mapajani bila kusikia chochote moyoni, kama nimeachiwa mtoto wa jirani nimshikie. Kuna asubuhi alilia mpaka nikamlaza mkekani, nikaenda nyuma ya jiko, nikaziba masikio na kutamani kufa. Mume wangu alitukuta hivyo. Hakuniuliza nina nini. Alisema nimeonyesha mwenyewe kwamba siwezi kulea, na mtoto akianza uji tu atakwenda Nyunzu kwa dada yake.

Wiki iliyopita, nikingoja zamu yangu kwenye benchi, niliitazama ile karatasi. Siku zote nilikuwa naibeba tu, kwa kuwa ni Kifaransa. Lakini mwandiko haukuwa wa daktari. Nina barua za uchumba ambazo mume wangu aliniandikia kutoka Kongolo, na ile herufi ya M yenye mkia naijua popote. Niliipeleka kwa jirani yangu, mke wa mwalimu, ambaye amesoma Kifaransa. Aliisoma, akaisoma tena. Nikamwambia aseme tu.

Imeandikwa kwamba mimi mwenyewe nimekiri kuiba dawa mkobani mwa mume wangu bila yeye kujua. Kwamba sistahili kuachiwa mtoto, na atalelewa na shangazi yake. Nikauliza tarehe. Ni siku ya nne baada ya kujifungua, nikiwa bado sijamlaza mtoto mkekani na kumwacha alie hata mara moja.

Nilimkabili siku hiyohiyo. Hakukana. Alisema, "Ningesema kweli wangenifukuza kazi, na familia yote inakula kwa mukono yangu. Weye hauna kazi ya kupoteza." Kisha akauliza kama chakula kiko tayari. Nikampakulia.

Jirani yangu yuko tayari kwenda nami kwa daktari anisemee. Lakini daktari akituamini, mume wangu anaweza kufungwa, na mama yake na wadogo zake watakula nini? Asipotuamini, nitafukuzwa nyumbani na mtoto atapelekwa mapema zaidi. Halafu lipo jingine, na hili linanitia hofu kuliko yote. Sindano sijaigusa tangu nijifungue, lakini zipo siku bado naitamani. Daktari akiniuliza kama naweza kulea, nitamjibu nini? Juzi nikimwogesha, mtoto alinishika kidole akakataa kukiachia, na nilisikia kitu moyoni. Ni kidogo, lakini nilikisikia.

Uji ataanza mwezi ujao. Wifi yangu ameshatuma habari kwamba atakuja kwa treni kumchukua.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, ili safari hii maneno yangu yafike bila kupitia kwa mtu. Mliozaa na mliooa, nishaurini: niende kwa daktari, au ninyamaze?