Aliyepiga Hodi Baharini

Kama unatafuta kisa cha kutungwa cha kukupitishia muda, hiki kiache, wengine wanajua kutunga kuliko mimi. Mimi najua kuogelea, najua kupika, na najua kuweka kinyongo, na hili la mwisho nalijua zaidi ya hayo mengine. Ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, jua limeshatoka, watu wamejaa ufuoni na simu zao mikononi. Giza la kunidanganya macho halikuwepo. Wapo wanaosema niliota. Basi wanieleze tangu lini umati mzima ukaota ndoto moja ukiwa umesimama wima.

Nianze na Zuhura, maana bila yeye sina la kusema. Zuhura alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Tumekulia Malindi, na alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Kila mwaka kuna hoteli moja inayoandaa mashindano ya kuogelea: watu wanatoka ufuoni, wanapita mlangoni, wanazunguka boya lililoko nje na kurudi. Mwaka ule Zuhura aliamua atashinda, na kila asubuhi akawa anafanya mazoezi.

Ngoja nikueleze huo mlango, usije ukadhani nazungumzia mbao na bawaba. Mbele ya ufuo wetu kuna mwamba mrefu. Upande wa ndani maji ni ya magotini na ya kifuani, watoto wanacheza. Pale mwamba ulipokatika, maji mengi yanapita kwenda bahari kuu, na hapo ndipo tunapopaita mlango. Bibi yetu alitufundisha kwamba panapoitwa mlango pana adabu zake. Ukipita unapiga hodi, hata kimoyomoyo, kisha unapita zako. Lakini ukisikia wewe ndiye unayepigiwa hodi pale, ufunge mdomo, usiseme karibu. Tulimcheka sana. Nani atapiga hodi baharini, samaki changu au kolekole? Bibi akasema tucheke tu, mradi tukumbuke.

Na papa je? Niamini, papa wetu si yule wa kwenye sinema. Anapita mlangoni akitafuta chake, akimwona mtu anageuka anakwenda zake, na miaka inapita hajamgusa yeyote. Ila kuna vitu viwili vinavyomvuruga. Kimoja ni maji ya udongo: mvua ikinyesha bara, mto Sabaki unashuka na tope lake mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na papa hajui tena mguu wa mtu ni nini. Cha pili ni damu na matumbo ya samaki. Ukivichanganya hivyo viwili, halafu ukamweka mtu katikati, mtu huyo umempakulia kwenye sahani.

Aliyempakulia ndugu yangu aliitwa Nahodha Shebe. Alikuwa na boti ya bluu, na ndiye aliyekubali kumsindikiza Zuhura mazoezini, kwa sababu hakuna mwenye akili anayeogelea nje ya mwamba bila boti pembeni. Siku ile alipakia na wageni wa kuvua kwa ndoana, akafanya kazi mbili kwa petroli moja. Bahari ilikuwa ya tope. Walipofika mlangoni akamwaga pipa la damu na matumbo ili wageni wake waone papa karibu, na Zuhura alikuwa majini, nyuma kidogo, anakuja.

Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Wakati ule wageni walikuwa wameshapanda ndege, na sisi tulipewa maneno mengine. Shebe alikuja matangani kwetu, akala pilau yetu, akakaa na wanaume barazani akawaambia kwamba Zuhura aliingia peke yake bila kumngoja, tena akiwa mwezini, na damu yake mwenyewe ndiyo iliyomponza. Kufika alasiri maneno yale yalikuwa yameingia kila jiko la mtaa. Tulichopewa kuzika nitakisitiri. Lakini yale maneno hayakumsitiri.

Alikuwa mwongo, na mama yangu alijua. Alfajiri ile Zuhura alisali naye mkeka mmoja, na mwanamke aliye mwezini hasali. Sasa mama angekwenda kulisema hilo kwa nani? Kwa wanaume barazani? Alinyamaza, akakonda, na nguo za mwanawe akazifungia kabatini. Mimi sikukonda. Nilikwenda kwa akina mama wanaopara samaki bandarini, wakaniambia Shebe anachukua matumbo kwao kila mara, anasema ni mbolea ya shamba. Shebe hakuwa na shamba. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: aseme ukweli kwa kinywa chake, mbele ya wale wale aliowadanganya, ili jina la ndugu yangu lisafike.

Mashindano yakaja tena mwaka uliofuata. Unajua nani aliwekwa kuongoza boti za ulinzi? Yeye. Na Sabaki ilikuwa imeshuka, bahari yote chai ya maziwa, na jioni ya kuamkia siku hiyo niliwaona shakwe, wale ndege wa baharini, wamejazana juu ya mlango wakigombania kitu. Nilikwenda kwa waandaaji nikawaomba waahirishe. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniambia wanaelewa bado nina majonzi, na kwamba nahodha amewahakikishia mlango ni salama. Basi nikajiandikisha. Mume wangu alinisihi nisiingie. Nikamwambia papa akija, angalau awepo mtu mmoja majini asiyejua kudanganya.

Tukaingia. Maji yalikuwa mazito, mkono wako mwenyewe ukiupeleka mbele huuoni. Karibu na mlango wenzangu walinipita, nikabaki nyuma, na boti ya bluu ilikuwa mbele upande wa kushoto, imezima mashine. Hapo nikahisi kuna mtu ananifuata pembeni.

Watu wanaogelea kwa kelele, hilo ulijue. Wanapiga miguu, wanakohoa, wanavuta pumzi. Huyu hakuwa na sauti yoyote. Nilipogeuza uso kuvuta hewa nikamwona, mwanamke, amevaa vazi la kufunika mwili, uso uko majini, mikono inakwenda taratibu. Nikasema labda ni mwenzangu aliyechelewa. Nikapiga mikono mara kadhaa nikageuka tena. Uso ulikuwa bado majini. Nikaendelea kumtazama, na hakuinua kichwa hata mara moja. Kisha nikauona ule mkono wa kushoto unavyoingia majini, kiganja kimegeuka nje kama cha mtu anayefungua pazia. Kosa lile nilimkataza Zuhura tangu utotoni na hakuliacha.

"Hodi," akasema.

Sikio langu lilikuwa ndani ya maji, na nilimsikia wazi kuliko unavyonisikia wewe. Unajua ulimi wa mtu wa pwani ulivyo? Hodi ikigonga, karibu inatoka yenyewe, hata ukiwa chooni. Yangu ilishafika kwenye meno. Nikaimeza pamoja na maji ya chumvi.

"Hodi."

Hiyo ya pili ilikuwa karibu zaidi. Mwili wangu wote ulitaka kukimbia, lakini kichwa kikanikumbusha jambo jingine. Hodi ni mara tatu. Ukipiga ya tatu bila kujibiwa, adabu inakutaka urudi ulikotoka. Ndugu yangu alikuwa amebakiwa na moja. Nikinyamaza ataondoka, na mimi sikutaka aondoke. Ningemwachaje aende, naye Shebe amekaa pale botini anakunywa kahawa? Nikimkaribisha je, si ndiyo nimejitoa mwenyewe? Sasa fikiria, mgeni akikosea nyumba unamfanyaje? Humkaribishi, wala humfukuzi. Unamwonyesha.

Nikainua kichwa nikasema, "Si hapa, Zuhura. Mwenyewe yuko kwenye boti ya bluu."

Akasimama. Maji yakatulia. Halafu kitu kizito kikapita chini ya tumbo langu, kirefu, hakiishi, ngozi yake ikanikwangua paja kama msasa, kikaelekea kushoto. Kama yule na Zuhura walikuwa wawili au mmoja, mpaka leo sijui. Alama ninayo, na mume wangu ameiona.

Nahodha Shebe alikuwa ameipa bahari mgongo, kikombe mkononi. Yaliyofuata aliyaona Charo, kijana wa Kigiriama aliyekuwa akimsaidia kazi botini, na mimi pia niliyaona, kwa sababu nilikuwa nimeacha kuogelea na ninatazama. Nilikuwa ninangoja. Charo anasema sauti ilitoka ubavuni mwa boti, ya mwanamke, ya upole kabisa. Ilisema hodi.

Na Shebe, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, hakugeuka hata kutazama. "Karibu," akasema. "Karibu ndani."

Boti ikalala upande mmoja kama inavyolala mtu mzima akipanda kutoka majini. Ikakaa sawa. Kikombe kikamponyoka. Charo aliona nyayo za maji zinatokea juu ya mbao, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye benchi la nahodha, na pale benchini pakalowa, mtu amekaa.

Kwenye boti ile kulikuwa na kipaza sauti cha kuwaita waogeleaji. Shebe akakichukua. Mkono ulikuwa wake, lakini Charo anaapa kwamba ulikuwa ukisukumwa. Akaanza kusema, na sauti ikafika ufuoni kote. Akawaamuru watu watoke majini kwa sababu jana amemwaga matumbo pale mlangoni na papa wako chini yao. Akasema amefanya hivyo siku nyingi. Akasema mwaka jana Zuhura alimwita, na yeye hakuwasha mashine mpaka mgeni wake alipomaliza kuvuta samaki aliyekuwa kwenye ndoana. Maneno yalikuwa yanamtoka huku analia. Mwisho akasema lile nililolisubiri.

"Zuhura alikuwa twahara. Damu niliimwaga mimi."

Mama yangu alikuwa ufuoni, amekaa juu ya leso yake. Alisikia. Wale wanaume wa barazani nao walikuwepo, wakasikia. Waogeleaji wote waligeuka wakarudi ndani ya mwamba, na hakuna aliyeguswa, ingawa watu waliokuwa ufuoni waliyaona mapezi yakipita mlangoni, yakienda na kurudi. Shebe aliletwa pwani amelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na boti yake ilikuwa kavu. Ukiniuliza kama nilimwonea huruma, sikumwonea. Nilimtazama usoni mpaka alipoinamisha kichwa.

Bahari ikamshinda. Akaihama, akaenda kwa mjomba wake kule Magarini, kwenye mahindi na mbuzi, akidhani kule hakuna mlango wa bahari. Lakini maji hayako baharini peke yake, au vipi? Wanasema akiinamia pipa anapigiwa hodi. Akishika kata ya kuchotea maji anapigiwa hodi. Na kila mara anaitikia karibu, hawezi kujizuia, anaitikia hata usingizini, na asubuhi upande wa pili wa kitanda unakutwa umelowa maji ya chumvi, ya rangi ya udongo. Mkewe amerudi kwao.

Mwezi uliopita mama yake Shebe alikuja kwangu. Alisimama nje, akapiga hodi. Nilitoka nikasimama kizingitini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Ni mzee, miguu imemvimba, na hana kosa lolote kwangu. Akasema, "Mwanangu, mwambie nduguyo inatosha. Atakusikiliza wewe."

Nikamjibu kwa heshima zote. "Mama, mimi sikumkaribisha. Aliyemkaribisha ni mwanao, na mgeni haondolewi na jirani."

Akageuka akaenda. Nilimwangalia mpaka kona.

Usidhani mimi nimetoka bure. Tangu siku ile siwezi kusema karibu. Neno likifika kwenye meno linarudi, kama lilivyorudi siku ile. Majirani wanasema nimeota kiburi, wageni wanasimama nje mpaka mume wangu aje awafungulie, na sikukuu iliyopita hakuja mtu. Lile paja likianza kuniwasha najua Sabaki imeshuka, hata kabla sijaiona bahari. Mama ameanza kula tena, amefungua kabati akazigawa zile nguo. Hilo linanitosha.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayependa kuogelea nje ya mwamba, huku Malindi au kule Kilifi penye mkono wa bahari. Maji yakiwa ya udongo, usiingie. Ukiona shakwe wamejaa mahali pamoja, toka. Usiende bila boti, na mwenye boti mchungulie mapipa yake kwanza. Na ukiwa mlangoni ukasikia hodi, meza maji, meza ulimi, lakini usijibu.

Ila kama wewe ni mmoja wa wale wanaomwaga damu mahali watu wanapoogelea, halafu wanawasingizia waliokufa, wewe haya hayakuhusu. Wewe ukisikia hodi, usikose adabu. Itikia.