Nilipima maumivu kwa hesabu ya mbuzi, nusura nimpunguzie mzee morphine

Wakuu, heshima zenu. Hii ni ukweli mtupu, sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mimi nimeshacheka mpaka nikakohoa.

Mimi ni nurse, mtu wa Magharibi mwa Kenya, nimepanga nyumba hapa Kitengela, Kajiado. Niko palliative care. Tunawatembelea nyumbani watu wenye magonjwa yasiyopona na kuwapunguzia maumivu. Wakiumwa zaidi dawa inaongezwa, wakitulia inapunguzwa.

Sasa mwaka huu tukaambiwa lazima tujue research. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali sana, akaagiza kila mtu afanye utafiti mdogo na wagonjwa wake. Nikachagua maumivu.

Kawaida tunauliza: kutoka sifuri mpaka kumi, unaumwa kiasi gani? Wazee wengi huku Kajiado wakisikia hilo swali wanakuangalia tu, wanakuhurumia.

Nikaona nafasi ya kung'ara. Nikabuni swali langu: "Kama maumivu yako ni mbuzi, na boma linabeba kumi, leo wako wangapi?"

Wakuu, nilijipenda! Nikaanza hadi kufikiria suti ya kuvaa siku ya kupresent.

Mwalimu akauliza kama nimelijaribu hilo swali kwanza. Nikamwambia ndio, nimelijaribu na wenzangu ofisini na wakalielewa vizuri sana.

Hapo mshike vizuri. Wenzangu wote ni wapangaji kama mimi. Hakuna aliye na mbuzi hata wa dawa. Sisi tunakutana na mbuzi kwa sahani.

Basi nikaenda boma kwa boma. Majibu yakawa matamu ajabu.

"Mmoja."

"Wawili tu, na wamekonda."

"Walikuwa, ukame ukamaliza wote."

Nikachora graph. Kulingana na graph yangu, Kajiado hakuna mtu anaumwa.

Daktari wetu alipoona zile namba akafurahi. Akanituma kwa Mzee Parsaloi, ambaye saratani imemwingia kwenye mifupa. Akisema bado ni mbuzi mmoja, nimpunguzie morphine, dawa yake ya maumivu.

Nikamkuta ameketi nje, shuka begani, amenyooka kama mtu anayepigwa picha. Nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Supa, mzee."

"Ipa, daktari. Karibu."

(Huku ukibeba tu begi la dawa, wewe ni daktari. Sijawahi kukataa.)

Nikauliza swali langu. Mzee akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Mmoja tu. Na huyo ni mgonjwa."

Nikatoa kalamu niandike dozi mpya. Mke wake, Mama Naserian, alikuwa anatuletea chai. Akasimama hapo hapo.

"Daktari, huyu mtu halali. Usiku anasaga meno mpaka mimi nasikia."

Nikachanganyikiwa. Nimwamini mama ama graph?

Kabla mzee hajajitetea, mbuzi wa jirani wakaingia kwa boma na kuanza kula ua. Mzee akalipuka.

"Angalia! Mbuzi ya huyo jirani tena! Tisa! Na hiyo nyeusi iko na mimba!"

Na hakuwa amegeuza hata shingo; za jirani anazijua kwa kichwa.

Kalamu ikabaki hewani. Jamani! Mwenye mifugo hatangazi hesabu yake. Anayeuliza labda anataka mchango, ama ametumwa na wakwe. Nilikuwa nimezunguka Kajiado nikiwauliza wazee siri ya mali yao, nao kwa adabu kabisa wakanidanganya.

Nikakaa chini tena.

"Mzee, na kama maumivu yako ni mbuzi ya jirani?"

Akawatazama wale mbuzi wakitafuna. Macho yakamjaa maji.

"Hizo ni tisa, kijana yangu. Na usiku zinazaa."

Nilimwonea huruma sana, na nikaogopa, kwa sababu kidogo tu ningemwachia chupa nusu na kurudi Kitengela nikipiga mluzi. Nikampigia daktari hapo hapo. Dawa ikaongezwa.

Graph niliitupa. Nilirudia wagonjwa wote na mbuzi wa jirani, na mwalimu akanipitisha, ingawa alicheka mpaka akatoa miwani.

Nilichojifunza: swali lijaribu kwa watu watakaolijibu, usilijaribu kwa marafiki zako wanaotaka mmalize haraka mwende lunch. Na namba ikiwa tamu sana, muulize aliyelala nyumba moja na mgonjwa.

Ziara iliyofuata nilimkuta Mzee Parsaloi anakunywa chai, ameegemea kiti vizuri.

"Mzee, jirani ako na mbuzi ngapi leo?"

"Ameuza," akasema. "Amebaki na mbili. Na jana zililala."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine amewahi kudanganywa kwa adabu hivi? Niulizeni chochote, isipokuwa kuku wangu kule nyumbani ni wangapi.