Simu Iliyokatika kwa Swali la Kwenu Wapi

Kosa langu la kwanza kwenye simu ya ushauri lilikuwa kumuuliza mpigaji kwao ni wapi. Nililiuliza kwa furaha, tena nikicheka.

Ilikuwa mwaka 2017, Jumamosi mchana, ghorofa ya tatu ya jengo moja la Marshalltown, mtaa wa katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka Soweto. Nilikuwa na wiki tatu tangu nianze kujitolea. Simu ile ilikuwa ya watu kama mimi: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na wale ambao mwili waliozaliwa nao haulingani na wanavyojijua. Sisi tuliokuwa tukiipokea tulikuwa walewale. Hatukuwa na shahada za ushauri. Kazi yetu ilikuwa kumsikiliza mtu, na akihitaji, kumwelekeza kwa mwanasheria au kliniki.

Mafunzo yalichukua wikiendi mbili, nami sikuridhika. Nikajifundisha mwenyewe kwa video na vitabu vya maktaba, kama nilivyojifundisha kubadilisha vioo vya simu, kazi iliyokuwa ikinilisha. Nilikuwa na daftari lenye ukurasa kwa kila shida: anayetaka kujiua, aliyefukuzwa nyumbani, anayelazimishwa kuoa. Nilizikariri sentensi zake dukani, midomo ikicheza, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nasali. Nililala nazo. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote.

Siku hiyo msimamizi wetu, mama mmoja wa Soweto, alinyoosha mkono wenye simu. "Bhuti," yaani kaka, "Kiswahili hiki. Chukua."

Ilikuwa sauti ya kijana. Tulisalimiana, kisha akasema haraka kama anayesoma mahali:

"Ninakaa na kaka yangu. Amejua. Pasipoti yangu anayo yeye, na tiketi ameshakata. Jumamosi ijayo ananipandisha basi nirudi nyumbani, nikaoe. Mke wameshanitafutia. Mimi sitaki kurudi. Nifanyeje?"

Ukurasa wa shida hiyo niliujua kwa moyo. Lakini katika maneno yake lilikuwamo neno moja alilolitamka vilevile kama bibi yangu. Zaidi ya miaka miwili sikuwa nimesikia mtu akilitamka hivyo. Daftari lote likanitoka kichwani.

"Ala! Kumbe wewe wa kwetu wewe! Kwenu wapi hasa, ndugu yangu? Mtaa gani?"

Nilisikia pumzi yake. Kisha simu ikakatika.

Wanaozungumza Kiswahili mjini hapa hawawezi kukutana bila kuulizana hivyo. Salamu, kisha kwenu wapi, kisha mtaa gani, kisha wa nani. Likifika swali la nne wameshampata shangazi mmoja wanayemjua wote. Kwa maswali hayo watu wamepata chumba, kazi, hata wa kuwazika. Kwa kijana yule, ndiyo njia ambayo habari zake zingefika kwa mama yake kabla ya kesho.

Na mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mwenyewe nilikuwa nalikimbia swali hilo tangu nilipofika. Mtanzania akiingia dukani na kuniuliza, nilimjibu, "Dar." Dar ni kubwa, nani atakutafutia shangazi Dar? Wakiuliza Dar ipi nilisema Temeke, na Temeke sijawahi kulala hata siku moja.

Nilimwomba msimamizi tuipige ile namba. Akakataa kabla sijamaliza. Hatumpigii mtu, simu ikipokewa na kaka yake je? Alikuwa na haki, nami nilimchukia kwa dakika kadhaa. Niliketi nikaandika ukurasa mpya wa namna ya kufungua mazungumzo, nikaufuta, nikauandika tena.

"Eish, bhuti," msimamizi akasema akilitazama daftari, "yule hakuipigia simu karatasi."

Mwenzangu wa zamu alikuwa dada mmoja kutoka upande wa Lubumbashi, msusi wa Rosettenville, mwimbaji wa kwaya, mwenye mpenzi wa kike ambaye kwaya nzima ilimjua kama binamu yake. Nilipomsimulia alipiga kofi mapajani.

"Mudogo, weye unaulizaka kama polisi wa mpaka! Mutu anakuambia nyumba inaungua, weye unamuuliza avenue."

"Nilifurahi tu, dada."

"Njo vile. Furaha yako. Na yeye je?"

Wiki ile niliharibu vioo viwili vya wateja. Kila nilipofunga macho niliona basi. Nilikasirika kwamba sikuwa na la kufanya, nikamkasirikia hata yeye: kwa nini asipige tena, aniache nirekebishe?

Jumamosi nilifika ofisini kabla ya mlango kufunguliwa. Basi la kwenda Dar lingeondoka asubuhi hiyo. Simu ililia mara nyingi. Mmoja alitaka aombewe. Mwingine aliachwa na mpenzi, nikamsomea sentensi za daftari mpaka akaniuliza kama mimi ni mashine. Saa sita ikapita. Saa nane dada akaingia na chipsi zake, akaniangalia.

"Unangoja nani?"

"Unamjua."

Akavuta kiti. "Alipigaka Jumatano. Haukukuwa na zamu."

"Alisema nini?"

"Kwanza alisema, musinipe ule wa Pwani." Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Na basi?"

"Hakupanda. Amenipigia leo asubui, ku simu yangu mwenyewe."

"Pasipoti amepewa? Amehamia wapi? Yuko na nani?"

"Mudogo. Unaanza tena."

Nikalifunga daftari. Ilibidi nifurahi, na nilifurahi, lakini chini ya furaha kulikuwa na wivu wa kijinga. Nilitaka aokolewe na ukurasa wangu. Nikamuuliza dada, angalau, yeye alimwuliza nini.

"Nilimuuliza kama amekula."

"Halafu?"

"Alikuwa hayakula. Akalia. Nikamungoja. Nikamupa namba ya avocat, ule mwanasheria wetu, basi." Akanisogezea chipsi. Sikuweza kula.

Sikuisikia tena sauti ya kijana yule. Mara moja, mwaka uliofuata, nilipokea simu, mtu akasikiliza salamu yangu na kukata. Inawezekana alikuwa yeye, inawezekana ni mtu aliyekosea namba. Niliiweka simu chini, halafu nikapokea nyingine.

Daftari bado ninalo, ila nikiwa zamu huliacha kwenye begi. Anayepiga kwa Kiswahili mimi humwambia mwanzoni kwamba sitamuuliza kwao ni wapi, na kwamba akiona sauti yangu ni ya karibu mno, aombe mwingine, sitakasirika. Nikiulizwa dukani kwetu wapi, siku hizi nautaja mji wetu wenyewe, na mtaa, na swali linalofuata nalijibu pia. Hapa siutaji, kwa sababu ni mji wake na yeye.