Ndege ya Warusi Mashineni

Jumamosi nilipeleka mahindi mashineni, Chumbageni, Tanga. Mashine ilinguruma mpaka tukawa tunazungumza kwa vidole. Shikamoo yangu mzee jirani aliiona mdomoni tu, hakuisikia. Ni fundi mstaafu, alisomea Urusi. Akaniinamia sikioni, akapiga kelele:

"Hii si kitu, mwanangu! Warusi walikuwa na ndege ya abiria inayokwenda kasi kuliko sauti. Kelele za ndani, abiria wakiandikiana vikaratasi!"

"Ikaishia wapi?"

"Waliiharakisha iruke kabla ya ile ya Waingereza na Wafaransa. Wakawahi kweli! Baadaye moja ikaanguka kwenye maonyesho ya ndege, watu wanatazama. Zilizobaki zikabeba abiria miezi michache tu, basi. Zikastaafu kabla yangu!"

Hapo dada mmoja akaipita foleni nzima, akainua ndoo yake amimine. Mama mwenye zamu akafungua kinywa, sauti ikamezwa na mashine. Akakifunga. Akamgeuzia mgongo, akaikunjua kanga ya kiunoni kwa mikono miwili ili maandishi yasomeke vizuri: MWENYE PUPA HADIRIKI KULA TAMU.

Alijuaje tangu nyumbani kwamba atarukwa, sijui. Wanawake wa Tanga hawafungi kanga ovyo.

Dada akasoma, akashusha ndoo, akarudi mwisho wa foleni.

Mzee naye alisoma, midomo ikimcheza. Akanirudia sikioni, safari hii kwa uchungu kidogo:

"Hadithi yangu yote, yule mama kaifunga kiunoni!"