Safari ya Uswisi imeishia bandarini

Leo majirani wote walinisindikiza bandarini na nyimbo. Sasa niko tena nyumbani.

Mimi ni mupishi wa patron mumoja, mukubwa wangu wa kazi, hapa Kisangani. Mwezi muzima alisema tutaenda pamoja Uswisi, kuona Kombe la Dunia la huu mwaka wa 1954.

Bon. Mbele ya mashua, akanipa funguo za nyumba yake.

"Utabaki kulinda mbwa."

"Na Uswisi, patron?"

"Ilikuwa mzaha tu."

Nyuma yangu watu walikuwa bado wanaimba. Nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Muke wangu Albertine akachukua zile funguo, akaziweka juu ya valizi, ile sanduku ya safari ya patron.

"Bwana yangu ni mupishi, hapana mulinzi wa mbwa," akasema.

Donc, sina kazi. Mungekuwa ninyi, mungefanya nini?

Albertine anapika pondu, majani ya muhogo. Anasema nilale kidogo, ataniamusha.