Milango Ile Myembamba Aliijenga Yeye

Saa moja asubuhi, Hiram Muiruri amepiga magoti nyuma ya nyumba yake huko Lanet, tindo mkononi. Anabomoa ngazi moja ya zege iliyomwagwa jana mbele ya mlango wa nyumba mpya anayoijenga hapo. Weldon, fundi mwenzake aliyeimwaga, amesimama kando na kikombe cha chai, amenuna.

"Nimemwambia mara tatu hapa hakuna ngazi," Hiram anasema bila kuinua kichwa. "Akaweka tu. Mkono umezoea."

Weldon anajitetea kwamba mvua ya Aprili ikija, maji yataingia ndani.

"Maji nitayachimbia mtaro," Hiram anamjibu. "Mtu wa kiti cha magurudumu nitamchimbia nini?"

Nyumba hiyo mpya ina vyumba viwili vya kupangisha, kila kimoja na jiko na bafu lake, pale mkewe Milcah alipokuwa akipanda sukuma wiki. Wapangaji watakuwa watu wenye ulemavu. Majirani wamecheka hadi wakachoka. Mmoja alichungulia juu ya ua akauliza kama mlango mpana hivyo ni wa ng'ombe wa Dundori.

Kicheko hakimsumbui mzee huyu wa miaka 61. Kinachomuuma ni miaka thelathini na miwili aliyojenga ploti za wengine, nyumba za vyumba vya kupangisha, mjini Nakuru. Vyoo vya kuingia kwa ubavu. Ngazi nne mbele ya kila kitu. Mwenye ploti alitaka vyumba ishirini mahali pa kumi na tano, na fundi alitaka shilingi zake elfu moja mia tano za siku.

"Ramani ilikuwa ya tajiri," anasema, "lakini mawe niliyapanga mimi."

Agosti mwaka jana aliitwa kurekebisha bomba katika moja ya ploti hizo. Huko alimkuta Cheptanui, fundi cherehani wa miaka 34 ambaye miguu yake ilipooza baada ya ajali ya barabarani. Kiti chake kilikuwa kimebaki nje ya choo cha pamoja, kwa sababu mlango wa inchi ishirini na nne haukikubali. Yeye alikuwa akiingia kwa mikono, juu ya sakafu iliyolowa mikojo ya nyumba kumi na mbili.

Hiram akampa pole.

"Usinipe pole, mzee," mwanamke akamwambia. "Niambie nani alijenga hiki choo."

 Hiram alienda moja kwa moja kwa mwenye ploti, akajitolea kuupanua mlango bure. Akaambiwa hapa si hospitali. Wiki iliyofuata alirudi kwa Cheptanui akakiri kwamba choo kile alikijenga yeye. Cheptanui akasema, "Basi jenga kingine."

Ndivyo sukuma wiki ilivyong'olewa.

Mwezi uliopita Cheptanui aliandikiwa notisi ahame kabla ya Aprili, eti kiti chake kinaziba korido. Ameshazunguka ploti kumi na moja.

"Hawakatai," anasema. "Wanaangalia kiti, halafu nyumba iliyokuwa wazi kwenye simu inakuwa imeshachukuliwa."

Sheria ya majengo je? Hiram anatema mate kando. "Sheria ipo. Ila mimi sijawahi kuiona ikifika mjengoni."

Saa nne Cheptanui anafika kuijaribu nyumba. Mlango unampitisha. Meza ya jikoni inamfika kwenye kiwiko. Kisha anaingia bafuni, na kiti kinakwama. Kimeingia vizuri, lakini hakigeuki. Hiram alipima kiti. Hakupima mgeuko wake.

"Si anaweza kutoka kinyumenyume?" Weldon anauliza.

"Wewe hutoka chooni kinyumenyume?" Cheptanui anamwuliza.

Weldon anacheka, halafu anaacha.

Cheptanui anatoa chaki yake ya kukatia nguo, anainama na kuchora duara sakafuni. Duara linafika kwenye ukuta uliosimamishwa wiki jana na kukatika nusu. Ng'ambo ya ukuta huo ndiko chumba cha pili.

Milcah ameona. Anamkumbusha mumewe kwamba ukuta ukisogea, chumba cha pili kitakuwa stoo, na mkopo wa chama chao cha akiba ulipigiwa hesabu ya kodi ya vyumba viwili, shilingi elfu sita mia tano kila kimoja kwa mwezi. Hasemi kwa hasira. Anasema ukweli, na Hiram anajua.

"Nilishajenga vya kubana vya kutosha," Hiram anasema. "Cha pili nitakiweka pale kwa kuku, mavuno ya Desemba yakiuzwa. Hiki kiishe kabla ya tarehe thelathini."

 Milcah anaguna, na kwenda kutafuta pa kuhamishia kuku.

Weldon anaweka kikombe chini, anachukua nyundo kubwa na kuuliza aanzie wapi.  Cheptanui anasogeza kiti hadi mwisho wa mstari wa chaki, anapiga kofi jiwe la tatu kutoka chini.

"Anzia hapa."