Gonga, Mura

Nakumbuka siku moja nilivunjwa mkono pale Musoma mjini, jua likiwa bado halijazama, mbele ya umati wa watu, nami nikatabasamu. Usishangae, Mwanangu. Nilitabasamu kwelikweli, na hilo ndilo kosa kubwa nililolifanya tangu nizaliwe. Nakusimulia leo kwa sababu juzi niliwaona vijana wawili mazoezini wakificha mabega yanayowauma, na wewe unajijua kama ni mmoja wao.

Huenda hunijui vizuri. Naitwa Magesa, nakaa Kabasa, Bunda. Kazi yangu ilikuwa mapigano yale ya ndani ya kizimba cha waya, ambayo ngumi ruksa, teke ruksa, kuangushana na kukabana ruksa. Siku hizi nimestaafu, nafundisha tu. Majirani wananicheka nikijiita mzee, maana hamsini sijaifikia, lakini kwenye kazi hii mtu wa arobaini ni babu, na magoti yangu yanaweza kutoa ushahidi mahakamani. Kwa hiyo nisikilize kama unavyomsikiliza babu yako, na pakikuchekesha cheka.

Mchezo wetu una kanuni moja ya kuokoa watu. Mwenzako akikubana mpaka huna pa kutokea, unampigapiga kwa kiganja mara mbili tatu, au unagonga sakafu. Refa anawaachanisha, mwenzako ameshinda, wewe unakwenda kuoga. Basi. Kocha wangu, Hamisi, alikuwa fundi wa makochi hapo Musoma, na mikeka yetu ya mazoezi aliishona mwenyewe kwa mabaki ya sponji za wateja, akaifunika turubai. Ukianguka vizuri uliangukia kochi la mtu, ukianguka vibaya uliangukia mshono. Siku ya kwanza, kabla hata hajatufundisha kukunja ngumi, alitufundisha kugonga. Mimi niliitikia kwa mdomo, moyoni nikasema haya ni mambo ya watu wengine.

Wewe ni wa huku, unajua kwa nini. Kwetu upande wa Butiama, mtoto wa kiume huwa mwanaume siku ya kisu, siku ya kutahiriwa. Unasimama, kisu kinafanya kazi yake, na ukoo mzima unakuangalia usoni. Siku yangu mimi, Baba Mkubwa, yaani kaka yake marehemu baba yangu, ndiye aliyesimama nyuma yangu. Sikulia, sikukunja uso, jicho halikupepesa. Nilizawadiwa mtamba, na mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nikaondoka pale nikiwa nimejifunza somo moja, kwamba maumivu hayasemwi, na nikalibeba hilo somo mpaka kizimbani.

Siku hiyo ya Musoma nilipangwa na kijana wa Tarime anayeitwa Chacha, Mkurya mwenye shingo nene na heshima nyingi, alinisalimia hata kabla ya pambano. Raundi ya pili aliniangusha, akaubana mkono wangu wa kulia katikati ya mapaja yake, akaanza kuuvuta. Nataka ulielewe hili vizuri, Mwanangu: muda nilikuwa nao. Ningeweza kugonga hata mara kumi. Kocha Hamisi alipiga kelele, "Gonga! Gonga we Magesa!" Chacha mwenyewe alitulia kidogo, akanisubiri. Mimi nikamwangalia usoni nikatabasamu. Akavuta. Nilisikia kiwiko kikilia, kisha nikaona waya za kizimba zikizunguka.

Nilirudi Bunda na mkono ndani ya plasta ngumu ya P.O.P. na nikapokewa kama mshindi. Vijana wa bodaboda walipiga honi, wakaniita Chuma. "Huyu ndiyo mwanaume," walisema, "wamemvunja na hajasema kitu!" Nilizinywa sifa hizo miezi miwili mizima. Nilikuwa nabeba magunia ya mpunga kwa riziki yangu, na kazi hiyo ikaenda kwa mtu mwenye mikono miwili. Daktari akaniambia kiwiko kinaweza kisinyooke tena, na mapigano niyasahau. Ndoto yangu yote ilikuwa mkanda wa Kanda ya Ziwa, na sasa nilikuwa nimeupoteza kabla hata ya kuushika. Hata hapo, mjinga mimi, bado nilikuwa najisifu.

Ndipo Baba Mkubwa akaniita kwake, Mwitongo, kule Butiama. Nilivaa shati jipya. Nilijua naenda kupongezwa, pengine hata kupewa ng'ombe mwingine. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda, anamenya mihogo. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Nasikia hukulia," akasema.

"Sikulia, Baba Mkubwa. Hata jicho sikupepesa."

"Lete huo mkono mzima."

Nikampa mkono wa kushoto nikidhani anataka kunipongeza. Akakikamata kidole changu kidogo, akaanza kukikunja kwa nyuma. Yule mzee alikuwa ameshika jembe tangu utoto wake, usifanye mchezo na vidole vile.

"Inauma?"

"Hapana."

Akakunja zaidi. "Na sasa?"

Jasho lilianza kunitoka.

"Mimi sina haraka, mura," akasema, akiniita kijana kwa neno letu la huku. "Ng'ombe imeshakamuliwa, mihogo itanisubiri. Nitavunja hiki leo, kesho nitavunja kingine. Sijui utakuwaga unafunga vifungo na nini."

Nilitazama uso wake nikaona hatanii. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi," nikasema.

"Sema kwa nguvu. Masikio yangu siku hizi mabovu."

"Basi, Baba Mkubwa! Basi!"

Akaniachia papo hapo, akarudia mihogo yake. Baada ya muda akaniuliza, "Siku ya kisu, tulikukataza kulia kwa nini?"

"Ili niwe mwanaume."

"Hapana. Yule mzee wa kisu alikuwaga anajua pa kuishia. Kazi yake ilikuwa na mwisho. Ukitulia anamaliza vizuri, ukirukaruka anakuharibu. Kutulia kulikuwa kunakulinda wewe. Sasa huyu kijana wa Tarime, nani alimwambia pa kuishia? Hiyo kazi ilikuwa ya kwako, na umeikataa. Umemfanya mtoto wa watu avunje mtu, na yeye hakutaka."

Mwanangu, mimi niliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa, nilishika uso wangu pale nikalia kama mtoto. Nililia kwa ajili ya mkono wangu, nikalia kwa ajili ya magunia, nikalia kwa ajili ya mkanda. Mama Mkubwa akatoka jikoni na ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato wa kukaanga, akaniona, akaweka sinia chini. Baba Mkubwa akasema, "Kula, machozi yataisha." Nikala nikashiba.

Mkono ulichukua mwaka na ushee. Nilifanya kila zoezi alilosema daktari, nikalifanya mara mbili. Nilibeba ndoo ya maji nusu, kisha robo tatu, kisha ndoo nzima, mpaka kiwiko kikanyooka, kasoro kidogo ambayo unaiona mpaka leo nikisalimiana na watu. Kocha Hamisi alinipokea kwa sharti lake. Kila tukianza mazoezi nilitakiwa kugonga turubai mara ishirini mbele ya wote, huku nikisema "nimeshindwa" kwa sauti. Wenzangu walivunjika mbavu kwa kicheko. Mwanzoni niliona haya, baadaye nikawa nacheka nao.

Pambano la kurudi lilikuwa hapa hapa Bunda, nyumbani. Kijana mmoja wa Mwanza alinipiga kabali raundi ya kwanza, mkono wake ukakaa vizuri shingoni, na nilipojua hapana njia, nikagonga. Sijapata kusikia miluzi kama ile! Vijana wale wale wa bodaboda walioniita Chuma sasa waliniita Plastiki. Nilitembea mpaka Kabasa nikiwa nimejifunika kofia, na sitakudanganya, niliumia moyoni. Lakini Jumatatu asubuhi niliamka mzima, nikaenda kubeba magunia, na jioni nikawa mazoezini.

Sasa angalia mambo yanavyokwenda. Wiki tatu baadaye tukapata habari kwamba Chacha, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa na mkanda wa Kanda ya Ziwa, alikuwa anautetea Musoma, na mpinzani wake ameteguka goti. Waandaaji walimtafuta mtu wa uzito ule kanda nzima. Mmoja alikuwa na bega lililochomoka, mwingine mbavu, mwingine mkono, wote wanaume wa shoka waliokataa kugonga. Akabaki Plastiki wa Kabasa. Kocha Hamisi aliponipigia simu nilikuwa na gunia mgongoni, nikaliacha lianguke.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Baba Mkubwa alikataa kuja, alisema hawezi kukaa mahali pa kelele. Raundi ya kwanza Chacha alinipiga, sina cha kuficha, alinipasua mdomo na kunizungusha alivyotaka. Raundi ya pili nikaanza kumkuta kwa mateke ya paja, moja, lingine, lingine, pale pale. Ya tatu nikamsikia anahema. Nikamwingia kiunoni, nikamwinua, tukaanguka wote na ukumbi mzima ukasimama. Akajaribu kunisukuma kwa mkono wa kulia, nami nikaudaka, nikaupitisha katikati ya mapaja yangu, nikalala chali. Ulikuwa ni mtego ule ule alionivunjia mkono.

Chacha hakugonga. Nilimwona usoni, ametulia, jicho halipepesi. Nikakumbuka kwamba kule Tarime nako kuna kisu, kuna ukoo unaokuangalia, kuna mama anayepiga vigelegele.

"Gonga, mura," nikamwambia.

"Vuta," akasema.

"Vuta, Magesa!" Kocha Hamisi alikuwa anapiga mayowe. "Anatoka! Vuta, mkanda huo!"

Kweli alikuwa ameanza kugeuza kiwiko. Ningechelewa kidogo tu, angechomoka, na mkanda ningeusikia redioni. Ningevuta kwa nguvu zote, ningevunja. Hapo ndipo nilipopata shida kuliko pambano zima. Nikainua kiuno polepole, polepole sana, nisimpe nafasi na nisimmalize, huku nikimwambia kwa sauti ambayo yeye tu aliisikia: "Chacha, mimi huo mlio naujua. Ulininyima magunia mwaka mzima. Hakuna anayekudai hapa, ndugu yangu. Gonga, halafu urudi tupigane tena."

Nikahisi kiganja kwenye paja langu. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, kwa nguvu.

Nikaachia kabla refa hajanigusa. Ee Mwanangu! Ukumbi uliwaka. Kocha Hamisi alipanda waya za kizimba na viatu vyake vya ngozi, akaangukia upande wa ndani, akanikumbatia akiwa bado yuko chini. Chacha mwenyewe ndiye aliyeuinua mkono wangu juu, na huku ameuinua akaniambia sikioni, "Ile siku nilikusubiri, kaka. Nilikuwa naomba Mungu ugonge." Nikamshika kichwa. Kesho yake kutoka Musoma mpaka Bunda bodaboda walinisindikiza na honi njia nzima, na waliponiita Plastiki safari hii waliliimba.

Njiani nilikatiza Butiama kwanza. Baba Mkubwa akauvaa mkanda juu ya koti lake, akazunguka nao boma zima akiwaonyesha ng'ombe mmoja mmoja. Mama Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha mzee akasimama, akaniuliza, "Na yule kijana? Mkono wake?"

"Mzima, Baba Mkubwa."

"Basi mlete. Na yeye ni mwanangu."

Nikamleta. Alichinja mbuzi, akatukalisha kwenye sinia moja, na alipotuombea alitaja majina yetu yote mawili. Baada ya hapo nilipigana miaka mingine minane. Mkanda niliutetea mara nne, nikapigana mpaka Nairobi na Dar es Salaam, na mapambano mawili niliyapoteza kwa kugonga, sioni haya kuyataja. Chacha naye alirudi tukapigana tena, akanichapa kwa pointi, na mpaka leo ananipigia simu kunikumbusha.

Sasa nasaha yangu hii hapa, na ninaisema waziwazi ili usije ukasema sikukwambia. Ujasiri wa mpiganaji ni kuingia kizimbani, na huo tayari unao. Ukibanwa huna pa kutokea, sema. Ukiumia mazoezini, sema siku hiyo hiyo, usisubiri mpaka bega lioze. Watakaokupigia miluzi hawatakubebea magunia. Na ukiwa wewe ndiye uliyemshika mwenzako, mwachie mara tu anapogonga. Akikataa kugonga, mkumbushe kwamba ana ruhusa, maana pengine tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumpa.

Mungu akutie nguvu mikononi na busara kichwani. Akupe kocha mkali na wazee wakali zaidi. Aulinde ulimi wako usiogope kusema "basi", na mwili wako ukae mzima mpaka ufike umri wa kujiita mzee ukachekwa na majirani. Nenda kapigane, Mwanangu, ushinde, na kila utakayemshinda afike kwao akiwa mzima.